Gitaa Lako la Kaboni na Wivu Wangu

Yona mwanangu,

Hujambo sikuulizi, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Mimi ni mzima, ila nina wivu. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu nikiliacha mwisho nitalipamba, na nikilipamba hutaniamini.

Wewe na Fosta mmetoka kwenda kujaza upepo matairi na kununua mikanda ya kufungia mizigo. Mmeniachia feni, sufuria ya maharage jikoni, na meza hii yenye alama ya pasi. Kesho asubuhi mnaondoka kwa gari kwenda Winnipeg kwenye chuo chako, wewe na yeye na gitaa. Mambo ya soksi, ya kuosha mchele, ya kutotoka nje na nywele mbichi nimeshayasema mpaka siku hizi nikianza unanimalizia. Hayo nayaruka. Nataka kukuandikia yale ambayo nikiyatamka utaniambia, "Mama, please," kisha utavaa vile vitu vyako vya masikioni.

Jambo lenyewe ni hili. Naogopa kwamba siku utakapoumwa, au utakapofeli mtihani, au msichana atakapokuacha umesimama kituoni, utachukua simu umpigie yeye. Si mimi. Yeye. Basi, nimelisema.

Soma polepole. Neno usilolijua liulize, ila usimpe Fosta akusomee. Atasoma kwa Kiswahili chake cha Bukavu kule Kongo, na nusu ya uchungu wangu itageuka kichekesho.

Sasa nikupe habari za Fosta, mume wangu. Najua unamjua, mnakula meza moja. Nataka tu kuandika "mume wangu", kwa sababu hata mwaka haujaisha tangu niolewe na neno hilo likinipita mdomoni bado nalisikia tamu kama peremende. Unakumbuka theluji ilivyoanguka siku ile? Mimi na gauni langu jeupe, na chini yake mabuti ya kazini, na wewe umenishika mkono kunipeleka mbele huku ukininong'oneza, "Mama, unatetemeka." Nilikuwa natetemeka kweli, na haikuwa baridi. Kule kiwandani tunakopakia chakula cha abiria wa ndege haturuhusiwi kuvaa pete, kwa hiyo pete yangu naitundika kwenye mkufu, chini ya ovaroli. Nikiinama inanigusa kifuani, nami natabasamu peke yangu mbele ya treya za kuku na wali. Wenzangu wanasema nimechanganyikiwa. Waseme. Nina mwanamume anayerudi kutoka kiwanda cha mikate akinukia mkate wa moto, na kabla hajavua koti ananiita mpenzi kwa Kifaransa, "Sheri, uliamuka muzuri?" kana kwamba usingizi wangu ndio habari kubwa ya dunia. Wakati wa baridi glavu zangu alikuwa anazipasha kwanza ndani ya koti lake. Nani mwingine amewahi kunifanyia hivyo? Akienda kazini namkumbuka kabla lifti haijafika chini.

Sasa mtu mwenye furaha namna hii, wivu unatoka wapi? Nilidhani ukija utatoka kwa wanawake. Pale kanisani kwetu Etobicoke, hapahapa Toronto, akina mama wa kwaya wanampenda sana mpiga gitaa. Nikawa nakaa kiti cha mbele kabisa, nimevaa kitambaa chekundu, ili kila atakayeinua macho kumtazama Fosta anione mimi kwanza. Yule mama wa sauti ya kwanza, anayefunga macho kila gitaa likianza, nilimlinda miezi mitatu mizima. Kumbe nalinda mlango usio wenyewe. Wivu ulikuwa umeingia na ufunguo wangu, umevua viatu, umekaa kwenye kochi langu la sebuleni. Ulikuwa wewe.

Nimekusemesha Kiswahili tangu ukiwa tumboni. Nimekuimbia, nimekugombeza, nimekuombea kwa Kiswahili. Wewe ukawa unanielewa kila neno na kunijibu Kiingereza. "Yona, umekula?" "Yeah." "Umekula nini?" "Food." Nilijaribu kujifanya sisikii mpaka useme kwa Kiswahili, ukaanza kunionyesha kwa vidole. Nilijaribu kukuhonga kwa chapati. Ulikula chapati ukasema "thanks". Mwishowe nikajiambia watoto wote wa huku ndivyo walivyo, nikaacha.

Fosta hakukuomba uongee lolote. Kiingereza chake ni cha kiwandani, maneno ya mashine na ya msimamizi, kwa hiyo alipoanza kukufundisha gitaa alikufundisha kwa lugha anayoiweza. Basi Jumamosi moja natoka zamu, nina mifuko ya mboga mikononi, nikiwa bado koridoni nasikia sauti ya kijana kutoka ndani kwetu.

"Hapana, Papa, hii kidole inakataa."

"Itakubali tu. Uibembeleze."

Nikadhani tuna mgeni, kijana wa Kikongo wa kanisani. Nikafungua mlango, nikakuta ni wewe. Ukaniinulia kichwa, umechangamka, ukasema, "Mama! Iko namna gani?"

"Iko nini?" nikakujibu. "Hatusemi iko namna gani. Tunasema habari za kazi."

"Papa anasema iko."

Papa! Juzi tu Fosta alikuwa "Mister Faustin", kisha akawa "Uncle", na sasa ni Papa, na hakuna aliyeniuliza. Niliingia jikoni nikafungua bomba ili msinisikie. Nililia, Yona. Nusu ya machozi ilikuwa ya furaha, maana mwanangu alikuwa anaongea Kiswahili. Nusu ya pili ilikuwa ya hasira, maana hakikuwa Kiswahili changu.

Hapo ndipo nilipoanza ujinga. Nikajiambia, amempata kwa gitaa, basi mimi nitampata kwa gitaa zuri zaidi. Lile la Fosta lilikuwa la nyuzi za chuma, na ncha za vidole vyako zilikuwa na mifereji kama mtu aliyebeba ndoo kwa waya. Nikamtafuta mama mmoja kule Scarborough aliyekuwa anauza gitaa lake la mbao. Unajua mwenyewe kutoka hapa kwetu Rexdale mpaka Scarborough ni safari ya kusinzia na kuamka na kusinzia tena. Wakati wa kurudi nililipakata. Kila aliyekaa karibu nami nilimwambia ni la mwanangu. Lilikuwa jekundu kama chai ya rangi, na ukiweka pua kwenye lile tundu linanukia kama sanduku la nguo la bibi yangu kule Dodoma. Mambo ya nyuzi sikuyajua. Nililipenda kwa sababu nilipoligusa halikuniumiza kidole. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye kwamba zile nyuzi ni za nailoni.

Unakumbuka ulivyolipiga mara ya kwanza? Sauti ilitoka laini, ya mviringo, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Ukafumba macho. "Mama, where did you get this?"

"Sema vizuri."

"Umelitoa wapi?"

Umelitoa! Hukusema "ulitosha wapi" wala "iko ya nani" kama Fosta. Jioni ile yote ulikuwa wangu. Fosta alikaa pembeni akipiga makofi kama mtazamaji, nami nikamwona mdogo, na nikafurahi kumwona mdogo. Bibi harusi mwenye mapenzi yote yale, nikafurahi.

Sasa kwetu kitu cha thamani unakilinda na mchwa na vumbi. Huku nilijua adui ni mmoja tu, baridi. Ulikuwa mwezi wa pili, dirisha limeshika barafu kwa ndani. Nikalifunga gitaa kwenye khanga, nikalilaza karibu kabisa na hita, palepale nilipokuwa nakulaza wewe ulipokuwa mdogo. Nililifunika kila usiku. Na Jumapili, tukiwa mezani, tukasikia "ta!" kama ganda la mbegu linapopasuka juani. Mlipofungua khanga, uso wa gitaa ulikuwa na ufa kutoka kwenye tundu mpaka chini.

Fosta akapitisha kidole kwenye ufa, polepole, kama anampima mtu homa. "Sheri," akasema, "mbao iko na kiu. Ile hita ilikunywa mayi yake yote."

Hakucheka. Nilitamani acheke ili nipate pa kumshika. Badala yake akaenda akaloweka kitambaa, akakiweka ndani ya kasha la gitaa, akaniambia kwa upole kwamba na gitaa lake la kwanza alilokuja nalo lilikufa hivyohivyo. Halafu akaongeza, "Na Winnipeg ni mara mbili ya hapa. Kule hewa inakauka mpaka mulango inalia. Tumutafutie Yona ya kaboni."

"Ya makaa?" nikasema.

"Kaboni, sheri. Ile haina kiu."

Unaona jinsi mtu anavyoshindwa huku anapepewa? Nilinuna mpaka theluji ikayeyuka na maua yakatoka.

Kisha ikaja ile siku ya kamba, ambayo ninyi wawili mnaisimulia kila mahali mkicheka, ila upande wangu hamjawahi kuusikia. Nilikuwa nje kibarazani naanika nguo. Dirisha la chumba chako lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikamsikia mume wangu, mume wangu mpenzi, anasema kwa sauti ya chini:

"Mama asiyue, hein. Ile kamba tutamupigia siku ya mwisho."

Na wewe ukasema, "Akishtuka je?"

"Atalia kidogo, kisha atazoea."

Mkacheka. Mimi nimeshika shati lako lililolowa, maji yananitiririkia kwenye kiwiko. Kwetu mtu akikupiga kamba amekudanganya, na tangu udogo wako ukiniambia umemaliza homework nilikuwa nakujibu "acha kamba". Sasa mnapanga kunipiga kamba siku ya mwisho, na nitalia, na nitazoea. Kamba gani hiyo? Fosta alikuwa ameshataja kwamba Winnipeg kuna Wakongo wengi na kazi za viwanda hazikosekani. Nikaona yote. Anakupeleka, harudi. Mnahamia huko wawili, na gitaa lenu, na Kiswahili chenu, na mimi nabaki ghorofani na pete yangu kwenye mkufu.

Wiki ile kazini niliweka keki mbili kwenye treya moja na treya ya jirani nikaiacha bila kitu. Kuna abiria mahali fulani angani alishiba kwa sababu yenu, na mwingine alitulaani.

Jumapili nikapika ugali na sombe, kisamvu cha kwao, nikawasubiri mkae, nikasema, "Haya. Hiyo kamba mnayotaka kunipiga, nipigeni sasa hivi."

Fosta akaacha tonge sahanini. Uso ukamshuka kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Nani alikuambia?"

"Dirisha."

"Lakini, sheri, ilikuwa ya siku ya mwisho. Yona hayaizoea."

"Kumbe uongo siku hizi una mazoezi?"

"Uongo gani?"

Wewe ndiye uliyeelewa. Ulianza kucheka, ukateleza kwenye kiti mpaka chini ya meza, ukawa unapiga sakafu kwa kiganja. "Papa! Papa! Kwa Mama kamba ni uongo!"

"Kamba? Uongo?" Akainuka, akaleta gitaa langu lililopasuka, akagusa uzi mmoja. "Hizi? Hizi njo uongo?"

Sisi tunaziita nyuzi, yeye anaziita kamba. Mlikuwa mmenitungia wimbo wa siku ya kuagana, usio na maneno, na mlitaka kunipigia. Mkanipigia palepale, sombe inapoa. Lile gitaa lilikuwa linanguruma kwenye ufa kama nzi aliyenaswa chupani, na bado ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Nililia kama mlivyosema nitalia. Lakini nikuambie kweli ambayo hukuiona. Nikiwa nalia nilikuwa nawaza ni jioni ngapi mlikaa pamoja mpaka wimbo ule ukakamilika, mkipatana, mkikosana, mkirudia, mimi nikiwa zamu. Nilizionea wivu zile jioni. Nimepewa zawadi, nami naionea wivu karatasi iliyofungiwa.

Basi mlipopanga kwenda kununua lile gitaa la kaboni, nikasema dukani naenda na mimi, na nisiachwe ndani ya gari.

Yule binti muuzaji mwenye nywele za bluu alitutazama tulivyoingia, akakuambia, "Umefanana sana na baba yako." Fosta! Mtu aliyekujua ukiwa tayari na ndevu! Nikasubiri mmoja wenu amrekebishe. Wewe ukatabasamu, yeye akatabasamu, kweli kwa tabasamu lile mkafanana, na mimi niliyekubeba nimesimama hapo nimeshika koti zenu.

La kwanza alilowashushia lilikuwa jeusi tii. Nikaligonga kwa kidole. Ko, ko. "Ndoo," nikasema. Nikaweka pua kwenye tundu. Hakuna harufu, hata ya vumbi. "Fosta, hii ni plastiki."

"Mama," ukasema, "ndege unazozipikia zimetengenezwa kwa kaboni hiihii."

Ukaligeuza kwenye mwanga, nikaona ndani ya ule weusi kuna msuko, uzi juu ya uzi, kama ukili. Mkeka mweusi uliopakwa mafuta. Nikaupapasa kwa kidole, maana mkeka naujua. Binti akaeleza kwamba magitaa hayo hayavimbi wala hayasinyai, ukiliacha kwenye gari juani au kwenye theluji utalikuta vilevile. Lakini lile lilikuwa na nyuzi za chuma. Fosta akasema kwani shida nini, tulinunue, nyumbani tubadilishe kamba tuweke za nailoni. Binti akakataa. Gitaa lililotengenezwa kubeba chuma ukilifunga nailoni, alisema, nguvu haifiki kwenye mwili na sauti inabaki kooni. Na ya kaboni yaliyotengenezwa kwa nailoni tangu mwanzo ni machache, yeye anayo mawili.

Fosta akakutazama. "Chuma inasikika mbali, Yona. Kanisani utaihitaji."

Wewe ukasema, "Nataka nailoni. Kama lile la Mama."

Kama lile la Mama. Ulilisema hivihivi, huku unakuna shingo, wala hukujua umefanya nini. Ningeweza kukubusu mbele ya binti wa nywele za bluu.

Katika yale mawili, ulipenda lile kubwa, la shingo pana, na Fosta alilipenda kuliko wewe. Mlikuwa mnasikiliza. Mimi sikusikiliza, nilitazama mkono wako. Mkono huo naujua. Nimeukata kucha, nimeutoa mwiba, nimeushika barabarani. Una vidole vifupi vyenye vifundo, vyangu kabisa. Kila ulipotaka uzi wa mbali, kidole kidogo kilikuwa kinatetemeka na bega linapanda kama unabeba gunia.

"Hilo linamwumiza," nikasema.

"Ni mazoea, sheri. Gitare ya kamba laini njo iko hivi, shingo pana."

"Mpeni lile jingine."

La pili lilikuwa na shingo nyembamba kidogo. Ukalishika. Bega likashuka. Ukapiga wimbo wangu wote, bila nzi wa chupani, na sauti ikatoka safi mpaka mzee mmoja aliyekuwa anajaribu ngoma akaacha. Nikamtazama Fosta nipate kumwona ameshindwa. Unajua alichofanya? Alirusha mikono juu. "Eh! Mama iko na macho! Binti, umeona bibi yangu?" Akamwambia muuzaji, akamwambia mzee wa ngoma. Hata ushindi wangu aliufurahia kuliko mimi. Mtu kama huyo unamchukia vipi?

Kwa hiyo ukiulizwa huko, sema hivi: mwili wa gitaa ni wa Fosta, nyuzi ni za mama yako. Na usidhani sasa nitakuambia uwe kama kaboni, usivimbe, usisinyae. Sitaki mwana wa namna hiyo. Mimi napenda vitu vinavyonukia na vinavyopasuka, ndiyo maana nimeolewa nikiwa na mvi.

Nikuambie badala yake nilichojifunza, ambacho kilinichukua nyumba mbili. Kwa baba yako sikuwahi kutamka kwamba nina wivu. Nililelewa kwamba mwanamke mwenye heshima hasemi. Nikaona mambo, nikanyamaza, nikapika. Yeye naye akaona ya kwangu, akanyamaza, akala. Nyumba yetu ya Dodoma ilisifiwa kwa utulivu. Alipokwenda kuanza maisha mengine hakuna aliyeinua sauti, na majirani waligundua baada ya muda kwamba hayupo. Sisemi uache kumheshimu, ni baba yako na anakupenda kwa namna yake. Nasema tu kwamba wivu wangu ulikaa ndani mpaka ukasahau ulikuwa wa nini, ukabaki uchachu tu.

Safari hii nausema ukiwa bado mbichi, ukiwa bado unachekesha. Jioni ya siku ile ya duka wewe ulishuka kwenye gari pale plaza kununua sambusa, na mimi nikageuka nikamwambia, "Fosta, nakuonea wivu kwa mwanangu."

Hakucheka. Akaangalia usukani. Akasema, "Na miye nakuonea wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Wewe ulimujua akiwa mutoto. Miye nilimukuta mukubwa. Alianza kutembea namna gani? Sijue. Alikuwa naogopa nini? Sijue. Saa yule binti alisema tunafanana, nilifurahi sana, sheri, kisha nikasikia haya, kama mutu aliyeiba."

Yona, nilikuwa nimekaa na mali yote ile, miaka yako yote, na kumlilia mtu mwenye miezi michache mkononi. Nikaanza kumpa. Nikamwambia ulivyoanza kutembea kwa kumfuata kuku. Nikamwambia ulivyoogopa feni. Ulivyorudi na sambusa ulitukuta tunafuta macho, ukauliza, "Iko nini tena?" na mimi sikukurekebisha.

Sasa leo asubuhi, ulipokuwa bafuni unaimba, Fosta alinishika kiuno pale jikoni akasema, "Sheri, gitare iko kaboni. Inaweza kulala nyuma kwa buti, joto haitaifanya kitu. Kiti ya nyuma inabaki. Ukuye na sisi." Nikaruka! Nikashusha begi kutoka juu ya kabati, nikatoa gauni la bluu analolipenda, nikajiona tayari nimekaa katikati yenu nyuma, nikiwapa karanga, nikisikia kila neno. Siku mbili za barabara bila neno hata moja kunipita!

Halafu nikarudisha gauni.

Mimi nimesafiri nawe barabara zote. Nimekubeba mgongoni, nimekushika kwenye ndege ukinitapikia begani, nimekaa nawe kwenye kila basi la Kipling. Yeye hana safari hata moja na wewe. Mwache awe na hii. Mtapita misitu ile mirefu, mtapotea njia, mtakula vibaya, mtanyamaza muda mrefu bila kuona aibu, na mahali fulani utamwambia kitu ambacho hujawahi kuniambia. Najua kitakuwepo. Sitamwuliza akirudi. Nitamwuliza, lakini akikataa kusema nitamwacha. Na nitakuwa na wivu njia nzima, wa kwako kwa sababu umenichukulia mume wangu wakati kitanda bado kipya, na wa kwake kwa sababu amenichukulia wewe. Hiyo ni kazi yangu, msinihurumie. Tumeni picha. Mkicheka, tumeni mkiwa mnacheka.

Na ukishafika, siku mambo yakikuwia mazito, mpigie Fosta kama moyo unakupeleka huko. Nimekubali. Usifikiri nitanuna. Nitanuna, lakini hutaniona.

Ila kuna jambo moja ambalo yeye mwenyewe hawezi kukuambia, kwa sababu anakuwa amelala. Mume wangu akitoka zamu analala kama gunia la unga, na kwa kuwa halisikii hata lango likibomoka, simu yake anaiweka chini ya mto wangu. Kwa hiyo piga, mwanangu. Piga saa yoyote umwite Papa. Atakayepokea ni mimi.

Mama yako